Baada ya Nane

Mwalimu aliandika ubaoni: 2, 4, 8. "Haya, namba gani inafuata?"

Kimya akanyoosha mkono. Wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu tangu aanze shule hakuwahi kujibu swali darasani.

"Kumi na nne."

Darasa likaangua kicheko. Mkaguzi, aliyeketi nyuma kuamua kama mwalimu huyu mpya anafaa kuajiriwa, akatikisa kichwa. Kitabu cha hesabu kilizidisha kila namba kwa mbili, kikapata kumi na sita.

"Umepataje, mwanangu?" mwalimu akauliza.

Binti huyo akainamia viatu vyake. "Kwanza tuliongeza mbili, halafu nne. Sasa si zamu ya sita?"

Mwalimu akapiga hesabu kimoyomoyo. Ikakubali.

"Msahihishe tuendelee, mwalimu," mkaguzi akasema. "Muda unayoyoma."

Vumbi la chaki lilikuwa limeshikana na jasho kiganjani mwa mwalimu. Akajifuta kwenye sketi, na alama nyeupe za vidole zikabaki pajani.

Kisha akamnyooshea Kimya chaki.

"Njoo ubaoni, mama. Waeleze wenzako polepole, na mgeni wetu naye asikie."