Mlango Usiokuwepo

Kabla manowari ile kuukuu haijazamishwa iwe makazi ya samaki, iling'olewa milango yote, wapiga mbizi wasije wakanaswa ndani. Hata hivyo Mzee Vuai, aliyekuwa fundi wake zamani, alipopiga mbizi hadi chumba chake cha injini aligonga fremu tupu mara tatu. Enzi zao kugonga hivyo kulimaanisha: usifunge, kuna mtu.

Walipoibuka na kupanda boti, Tunu, binti aliyemwongoza, alivua miwani.

"Mzee, ulikuwa unamgongea nani kule?"

"Mazoea tu, mwanangu."

"Marehemu baba yangu alifia chumba kile, maji yalipoingia. Aliyefunga mlango aliapa hakusikia mtu akigonga."

Mkono wa Mzee Vuai ulikuwa ukigonga ubavu wa boti mara tatu, unatulia, kisha mara tatu tena.