Darasa la Kulala Huko Huko

Siku mbili kabla ya kwenda shule, mama alizipaka nywele zake rangi nyeusi, mvi zote zikazama. Kitinda, binti yake wa mwisho, alipoingia chumbani alimkuta amekalia sanduku ili likubali kufungika, mwanamke wa miaka sitini na kitu, anajisukasuka juu yake huku akihesabu kwa Kifaransa. Akifika saba anapotea, anaanza upya.

"Mama, utavunja bawaba."

"Bawaba zinanunuliwa. Njoo unisaidie kukaa."

Wakakaa wote wawili, mgongo kwa mgongo, sanduku likasalimu amri. Kitinda alicheka, lakini moyoni hakuwa na raha hata chembe. Mwezi mzima alikuwa akiomba safari hii ivunjike.

Shule yenyewe ilikuwa chuo nje ya mji, ambacho wakati wa likizo kubwa hupokea watu wazima wanaotaka Kifaransa kiwaingie kwa nguvu. Unalala huko wiki sita. Ukishapita getini, lugha yako unamwachia mlinzi pamoja na simu. Ukitaka chumvi, uiombe kwa Kifaransa au ule hivyo hivyo. Jirani aliposikia, mbavu zake nusura zivunjike kwa kicheko. "Mwenzangu, na nywele hizo! Sema tu umepata mchumba." Mama alicheka naye, wala hakukanusha.

Sababu ya safari ilikuwa sebuleni, kwenye kiti cha dirishani. Baba alikuwa fundi saa. Alikuja ujanani kutoka nchi ya watu wanaosema Kifaransa, akajifunza Kiswahili kwa kumtongoza mama, na tangu hapo hakuna lugha nyingine iliyosikika ndani ya nyumba ile. Kisha kiharusi kikampiga. Alipozinduka, Kiswahili chote kilikuwa kimefutika. Utani wao, ugomvi wao na siri zao za kulalia mto mmoja, vyote vilikwenda na maji. Kilichobaki ni Kifaransa cha utotoni.

Kitinda, ambaye kazi ya mapokezi hotelini ilimlazimisha kukijua, ndiye aliyekuwa mkalimani. Kila asubuhi mama alimpelekea mumewe chai, akamfuta kidevu, na baba akamtazama kwa adabu na kusema maneno yale yale.

"Anasemaje?" mama huuliza.

"Anasema chai imekolea, ahsante."

Baba hakuwa amesema lolote kuhusu chai. Alichokuwa akisema ni: Bibi, mke wangu atarudi lini?

Uongo ule ulimkwama Kitinda kooni kama mwiba wa samaki. Mama akirudi kutoka chuoni atasikia kwa masikio yake mwenyewe, bila mkalimani, kwamba mwanamume aliyempa ujana wake wote anamdhania mtumishi wa kuajiriwa. Kitinda aliona wazi kuwa hilo litammaliza.

"Karibu na posta kuna darasa la jioni," alijaribu tena. "Mwalimu wake mpole kweli. Unasoma, unarudi, unalala nyumbani."

"La jioni halinifai."

"Kwa nini lakini? Kifaransa si kile kile?"

"Mimi nataka la kulala huko huko."

Mama alikuwa anapiga pasi gauni alilojishonea wiki ile, la maua, kiuno kimebana na mabega yamejaa, mtindo uliokufa kabla Kitinda hajazaliwa.

"Mama, wenzako watakucheka. Siku hizi nani anavaa hivi?"

"Hili silivai darasani," mama alisema. "Ni la siku ya kurudi." Akalikunja taratibu, akalitia kwenye mfuko wa mkononi.

Asubuhi ya safari alimpelekea baba chai kama kawaida. Baba akauliza swali lake, Kitinda akatafsiri uongo wake. Mama aliitikia kwa kichwa, akamfunika mumewe miguu, kisha akauacha mkono wake juu ya shuka kwa muda mrefu kuliko shuka lilivyohitaji.

"Usimtoe nje kuniaga," alimnong'oneza binti yake. "Na sanduku lipitishe uani. Sitaki alione."

Teksi ilikuwa inangoja. Kitinda alilipakia sanduku, machozi yakimlengalenga, na hapo akapiga moyo konde. Afadhali mama ayasikie kwake kuliko kuyagundua peke yake.

"Mama, nimekudanganya miezi yote hii. Baba hasemi habari za chai."

"Najua anachosema. Daktari aliniambia tukiwa bado wodini."

"Ulijua? Na kila siku unaniuliza?"

"Uliusema vizuri ule uongo, mwanangu. Ulikuwa unanisaidia kuanza siku."

"Sasa huko unakwenda kutafuta nini?"

Mama aliingia kwenye teksi, akalitoa gauni kwenye mfuko, akaliweka mapajani na kulilaza kwa kiganja lisije likajikunja.

"Kesho akimuulizia yule mama wa chai, mwambie ameacha kazi," alisema. "Na akimuulizia mke wake, mwambie yuko njiani, anarudi."