Anayepumua Nyuma ya Cécilia

"Rudi! Rudi nyumbani, nakuomba!"

Darasa zima liligeuka kumtazama Mama Euphrasie. Wengine wakacheka. Ilikuwa filamu tu, kipande cha mwanzo kilichotengenezwa na wanafunzi wa pale pale Kasongo, nao walikuwa wamefunika madirisha kwa vitenge ili mchana uwe giza.

Ukutani, Cécilia alitembea peke yake kati ya michikichi, beseni kichwani. Mtu alikuwa akimfuata. Hakuonekana hata kidole. Watazamaji waliona tu alichokiona yeye: visigino vya msichana, majani yakisukumwa kando, mgongo ukizidi kukaribia. Hakukuwa na muziki. Kilichosikika ni pumzi ya huyo mfuataji tu, nzito, yenye kamluzi kadogo mwishoni, kama ya mtu mwenye kifua kibaya.

Asma, mchuuzi aliyehamia mjini karibuni kutoka Kabambare, alijifunika uso kwa mtandio. "Huyu muuaji ataniua mimi kwanza," alinong'ona.

Mama Euphrasie hakufunika uso. Alisogea hadi ukingo wa benchi.

Cécilia akasimama. Pumzi nayo ikasimama. Msichana akageuka polepole, akawakazia macho watu wote, akafungua kinywa, na ukuta ukawa mweusi.

Mayowe, kisha makofi. Bruno, kijana aliyeongoza filamu, hakutabasamu.

"Rudisha nyuma, kijana," Mama Euphrasie alimwambia. "Na uongeze sauti."

Bruno akatii. Michikichi ikarudi, visigino vikarudi, pumzi ikajaa darasani. Safari hii mama alisimama. "Usiende," alisema. Akanyoosha mkono mbele. Kivuli cha mkono huo kikaangukia mgongo wa Cécilia, kikapita juu yake, kisizuie kitu. Pumzi ikasimama. Ukuta ukawa mweusi tena.

"Hamukumuonyesha hata mara moja?" aliuliza.

"Hapana, mama. Tulifikiri watu wakimuona, woga utaisha."

"Hata kivuli?"

"Hata kivuli." Bruno aliinamisha kichwa. "Tusamehe, mama."

Asma alimshika mama mkono, akamketisha taratibu. "Mama, tulia. Cécilia hawezi kukusikia. Na yeye iko muzima, nimemuona sokoni asubuhi. Hii ni filamu."

"Haiko Cécilia niliita," Mama Euphrasie alijibu, macho bado ukutani. "Naita Muzaliwa, mutoto wangu, mwenye alishika kamera. Ile pumzi ni yake. Shimo ya zahabu ilimufunika kule Salamabila, na mpaka leo hawajamutoa."