Nairobi Ndani ya Debe

Drusilla aliingiza kichwa ndani ya debe tupu la mafuta, akakohoa kidogo, akatangaza kwamba saa ni kumi na mbili na nusu, na hii ni Nairobi.

Nje, upande wa pili wa ukuta, baba mkwe wake alisogeza kigoda karibu. Mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe, kwa hiyo Mzee Omwenga husikiliza habari akiwa upenuni.

Gekara, mumewe Drusilla, aliacha neno moja tu alipokuwa akirudi kuchuma chai Kericho. "Baba akikosa habari hata jioni moja, redio naihamishia kwake." Na hapo Sotik redio ndiyo iliyokuwa mwenzake Drusilla, toka mwisho wa mwezi hadi mwisho wa mwezi.

Sasa betri mbili alizoanika juu ya jiwe Jumatano, angalau zipate nguvu kidogo, zilikuwa zimepotea. Alilaumu kunguru, akalaumu kuku. Kisha akatafuta debe.

Jioni ya kwanza alisoma habari za mvua ya mawe huko Boito. Ya pili, habari zikamwishia, akaanzisha hadithi ya ng'ombe wa mahari aliyekataa kukaa ukweni: kila wakimfunga, asubuhi yuko kwao, kamba shingoni. Ya tatu, ng'ombe akashika mimba, na kila upande ukasema ndama ni wake. Nje, kigoda kilitikisika kwa kicheko.

"Redio ya siku hizi inajua mambo," Mzee alimwambia jirani. "Zamani ilikuwa bei ya pareto tu."

Jumamosi Gekara akaja na betri mpya. Drusilla akashusha pumzi, debe likarudi jikoni. Saa kumi na mbili na nusu Nairobi yenyewe ikanguruma, ikasoma bei ya pareto, daraja kwa daraja.

"Gekara," Mzee aliita. "Hiyo redio imeharibika. Lete betri nizianike."

"Ni mpya, Baba. Na jua lenyewe limeshatua."

"Nimesema lete."

Gekara akatoka nazo. Mzee akazitumbukiza katika mfuko wa koti, zikagongana na nyingine mbili zilizokuwa humo. Kisha akauegemea ukuta.

"Haya, Nairobi," akasema. "Huyo ng'ombe alizaa nini?"