Jezi Iliyorudi Kavu

Mtaa unaoshika mkia kwenye ligi ya kikapu ndio unaotangulia kuchagua daktari wa kuutibu mwaka mzima. Ndiyo sheria. Sisi wa Mkwajuni tulibakiza mechi moja na Chumvini, na ambaye angefungwa ndiye angeshika mkia. Mwanangu Zuhra ana selimundu, na mwaka huu daktari wa damu alikuwa mmoja tu.

Basi mume wangu Nassoro, fundi wa kufunga, akasimama peke yake chini ya kikapu na akakosa. Wachumvini nao wakawa wanarusha mipira juu ya paa. Watoto wakazomea: "Nassoro wee! Hata bibi yangu asiyeona angefunga hiyo!" Nikainamisha uso.

Mwishoni mchezaji mmoja wa Chumvini akajisahau, akarusha vizuri, mpira ukaingia. Hakuna aliyemshangilia. Mama mmoja wa kwao, kabeba mtoto mwenye macho ya njano kama ya Zuhra, akakaa chini palepale.

Nyumbani Nassoro akanipa jezi nifue, kama kila baada ya mechi. Nikaishika. Ilikuwa kavu, bado inanukia sabuni.

"Si tumempata daktari, mama Zuhra?" akasema bila kunitazama.

"Tumempata, baba Zuhra."

Nikailoweka hivyo hivyo, majirani wasije wakauliza. Nilipotoka kuianika, kamba za mtaa mzima zilikuwa zimejaa jezi zinazochuruzika maji, na hakuna mwanamke aliyethubutu kumtazama mwenzake.