Sindano ya Kupenda

Jumamosi, tarehe 9 Juni 2091. Asubuhi kulikuwa na manyunyu na baridi. Wageni walikuja kumposa binti yangu Tumsifu, na siku hizi posa haipiti mpaka wazazi wa pande zote waipende filamu moja. Wakwe walichagua ya mapigano.

Niliitazama huku nikiomba subira. Shujaa alipigwa risasi kifuani, akaanguka kutoka ghorofani, akainuka nywele zikiwa zimechanwa vizuri. Mimi nimejifunza kusoma uzeeni, darasa la jioni, na hata kitabu chetu cha kwanza, cha kuku na jembe, kina akili kuliko upuuzi ule.

"Mama Tumsifu, umeipenda?" mshenga aliuliza, akinivalisha mkononi kipimo kinachosoma moyo. Kipimo hakidanganyiki.

"Ni takataka," nilisema.

"Mama jamani!" Tumsifu alilia. "Unaniozesha au unasahihisha mtihani?"

Mshenga alicheka. "Basi kachomwe sindano ya kupenda, mama. Haiumi hata kidogo."

Nilimtazama mwanangu. Nikasimama.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote, naahidi. Kesho nikitoka ibadani nitachomwa, na nitaipenda kwa moyo wangu wote."