Matawi Mawili Yaliyopungua

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, mvua ya rasharasha ikinyesha. Profesa aliinamia karatasi ya vipimo, kidole chake chenye kovu la asidi kikifuata mstari hadi mwisho. Molekuli iliyomletea sifa kwa miaka ishirini haikuwa na matawi thelathini na mawili kama alivyotangaza. Ilikuwa na thelathini tu.

"Labda nimekosea, Mama," alisema mwanafunzi wake.

"Umepima mara ngapi?"

"Tisa."

"Basi aliyekosea ni mimi. Usininunie hivyo, mwanangu, sijafa!" Alicheka. "Tutaliandikia jarida. Jina lako litatangulia langu."

Mwanafunzi alitafuta kiti, akaketi. Fundi wa maabara, aliyekuwa akisuuza chupa, alifunga bomba. Profesa alichukua kalamu, akaandika: Sahihisho.